Kiti cha Mwisho cha Madoa

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, mnaombwa mkae vizuri, na walio nyuma wasogee kidogo, maana msomaji hana sauti ya kupayuka. Dada tuliyekuja kumsindikiza leo alimwagiza mdogo wake, ambaye ndiye huyu anayewasomea, kwamba wasifu wake usiwe wa kuliza watu tu. Alisema anayetaka kulia alie, hakuna atakayemzuia, ila achekeshwe kwanza. Kwa hiyo mkisikia jambo la kuchekesha, chekeni bila kuangaliana. Ruhusa imetoka kwa mwenyewe.

Mjue pia kwamba programu mliyoshika mkononi nusura itoke pungufu. Ukurasa wake wa mwisho ni kazi ambayo marehemu alimwachia mumewe aimalizie, na hadi jana asubuhi mume huyo alikuwa hataki hata kuitazama. Msiufungue sasa hivi, tafadhali. Nyie mlioanza kufunua huko pembeni, mmeonekana.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1953, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, zile zilizopangana mstari mmoja, mlango mbele na ukuta wa karakana nyuma. Alikuwa wa kwanza katika watoto wanne. Baba alikuwa mpaka rangi wa mabehewa, na mama alikuwa akifulia hospitali. Alipokuwa na miaka mitatu hivi, alitumbukiza mikono yote miwili kwenye kopo la rangi la baba, akazunguka nyumba, akaenda kujifutia kwenye mashuka ambayo mama alikuwa ndio kwanza amemaliza kuyaanika. Mashuka yenyewe yalikuwa ya wodi nzima. Mama alishika kichwa, baba alicheka mpaka akakaa chini, na kuanzia hapo mtoto akawa anaitwa Madoa. Jina la kwenye cheti lilibaki kwenye cheti.

Shule ya msingi alianza mwaka 1960, ng'ambo ya reli, na huko ndiko alikopata sifuri yake ya kwanza. Mwalimu aliwaambia wachore nyumba na mbingu, Madoa akaipaka mbingu yake rangi ya kahawia. Alipoulizwa, hakujitetea kwa maneno mengi, alimwomba mwalimu atoke nje akatazame, kwa kuwa siku hiyo upepo ulikuwa umepeperusha vumbi la karakana hadi jua likafifia. Mwalimu alikuwa mtu wa haki, akatoka, akatazama juu, akarudi. Akamwambia kwamba ni kweli, lakini kwenye mtihani mbingu ni ya bluu. Madoa alilisimulia jambo hili maisha yake yote, na kila alipolisimulia alikasirika upya.

Mwaka 1968 alijiunga na sekondari ya wasichana ya bweni, na mwaka 1972 akaingia chuo cha ufundi kusomea uchapaji. Darasa lao lilikuwa na wasichana wawili tu. Wa pili ndiye huyu mama mrefu aliyekaa karibu na familia, ambaye wote tunamwita Bi Mitambo, na mkono wake ndio uliochapa programu hii. Walikuwa hawaachani, na wasipogombana kwa siku moja mmoja wao alikuwa anaumwa.

Wote wawili waliajiriwa kwenye kiwanda kimoja cha uchapaji tarehe 3 Februari 1975. Bi Mitambo akapewa mashine, Madoa akapewa wino. Kwa wasiojua kazi hiyo, picha ya rangi huchapwa mara nne: karatasi hiyohiyo hupita kwenye njano, nyekundu, bluu, halafu nyeusi, na kila rangi ina bamba lake, yaani bati lenye sehemu yake ya picha. Bamba likienda kwenye wino usio wake, basi tena, hakuna wa kukuokoa. Kazi ya Madoa ilikuwa kuchanganya wino mpaka nyanya kwenye tangazo ionekane nyanya kweli. Alirudi nyumbani na madoa hadi kwenye kope.

Hapo kiwandani ndipo alipompata mume. Mwaka 1978 meneja aliagiza kiti kipya cha ofisi kutoka kwa fundi makochi mmoja kijana, mkimya, mwenye mikono safi na sifa nzuri mjini. Agizo lilikuwa kiti cha kijani. Fundi akakileta mwenyewe amekibeba kichwani, akakiweka katikati ya ofisi, akasimama kando akisubiri kusifiwa. Kikalio kilikuwa chekundu na mgongo wa kijani. Wafanyakazi waliokuwa mlangoni wakasukumana waone, meneja naye akakizunguka kiti mara mbili. Madoa ndiye aliyeangua kicheko, akacheka mpaka akashikilia ukuta.

Fundi alidhani anadhihakiwa. Madoa alipoona jamaa haelewi kabisa anachochekwa, aliacha kucheka, akamwita pembeni, akamwambia ukweli. Kijana wa watu akainamisha kichwa akakiri kwamba tangu utotoni nyekundu na kijani kwake ni kitu kimoja, na kwamba hakuna anayelijua hilo isipokuwa kaka yake, ambaye ndiye humchagulia vitambaa, na wiki ile kaka alikuwa safarini. Alikuwa ameificha siri hiyo miaka yote kwa woga wa kukosa kazi. Jumamosi iliyofuata Madoa akatokea kwenye karakana yake na mkasi. Alizunguka majora yote yaliyosimama ukutani akiyakata alama pembeni: nyekundu mkato mmoja, kijani mikato miwili, bluu akaiacha kwa kuwa Fundi huiona. Akamshika kidole gumba, akakipitisha kwenye alama, akamwambia asome. Fundi akasoma. Hapo ndipo habari yake ilipokwisha.

Walifunga ndoa tarehe 22 Septemba 1979, na bibi harusi alichelewa kwa sababu alisisitiza kwanza aletewe soksi za bwana harusi azikague. Vipande vilivyobaki vya vile vitambaa viwili vya kiti cha meneja, ambavyo ndivyo vya kwanza kukatwa alama, Fundi hakuvitumia wala hakuvitupa. Aliviweka rafu ya juu. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Sasa tuje kwenye vitabu, ambavyo ndivyo vilivyowaleta wengi wenu hapa. Mwaka 1984 binti yao mkubwa alikuwa chekechea, na mwalimu wake alikuwa akimlalamikia Madoa kwamba watoto wanapigana, wanajifungia chooni, wanagoma kula, na ukiwauliza wana nini hawana neno la kukupa. Madoa akachora kitabu. Alikiita Leo Niko Hivi. Mtoto mwenye hasira alimpaka nyekundu, mwenye huzuni bluu, mwenye furaha njano, na chini ya kila picha akaandika jina la hisia yenyewe ili pasiwe na ubishi. Kilikuwa kitabu kizuri, cha adabu, na mwalimu wake wa shule ya msingi angekipa alama zote.

Meneja aliwaruhusu wakichape mwisho wa wiki, mashine zikiwa hazina kazi. Bi Mitambo, ambaye ameomba jambo hili lisomwe kwa kuwa tusipolisoma mtalisema wenyewe, alipeleka bamba la bluu kwenye wino wa njano na la njano kwenye wino wa bluu. Walikuwa wanagombana muda huo, kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyepaswa kuangalia. Walipokuja kuangalia, kazi yote ilikuwa imetoka. Yule mtoto anayelia alikuwa wa njano kama kiini cha yai, na yule anayecheza alikuwa bluu tupu.

Meneja akaamuru vitabu vyote vikatwekatwe. Madoa alichukua kimoja akaenda nacho chekechea kumwomba mwalimu radhi. Walipokuwa wanazungumza mlangoni, katoto kamoja ka kike kakasogea, kakakichukua kitabu. Katoto haka kalikuwa hakajasema neno shuleni tangu mama yake alazwe. Kakafunua, kakafika kwa yule mtoto wa njano anayelia, kakaweka kiganja juu ya picha.

"Huyu ni mimi," kakasema.

Mwalimu akapiga magoti, akauliza kwa nini. Kakaeleza, taratibu, kwamba kule kwa mama mapazia yana rangi hii. Wodi ile ilikuwa na mapazia ya njano. Kwa mtoto yule, njano ndiyo ilikuwa rangi ya kumwacha mama kitandani na kuondoka. Siku hiyo alizungumza mpaka kengele ya kurudi nyumbani, na mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho. Na msihuzunike: mama yake alipona, yuko hapa, mstari wa tatu, na huyo binti aliyekaa naye ndiye mwenyewe, sasa ana watoto wake.

Madoa alirudi nyumbani amenyamaza, jambo ambalo lilimtisha Fundi kuliko ugonjwa. Kisha akaenda kiwandani, akamshika meneja, akamwambia vitabu vile visikatwe, avinunue yeye kwa bei ya karatasi chakavu. Yeye na Fundi wakakaa sakafuni wakavikata vyote, kila ukurasa, ule ukanda wa chini wenye maneno. Fundi alikata kwa kuwa mkono wake hauyumbi. Vikabaki picha tupu, na rangi zake zilizokosewa, na nafasi ya mtoto kusema mwenyewe. Kuanzia hapo Madoa hakuwahi tena kumuuliza mtoto hii ni rangi gani. Aliuliza, "Hapa unajisikiaje?" kisha akafunga mdomo akasubiri, na kwa mtu muongeaji kama yeye kazi kubwa ilikuwa hapo kwenye kusubiri.

Walimu wa shule nyingine walipoanza kuja kuulizia vile vitabu vilivyoharibika, meneja akawa anawaambia wageni kwamba wazo lilikuwa lake.

Alifuatisha na vitabu vingine. Mwaka 1997 aliacha kazi kiwandani, akahamia chumba cha nyuma ya nyumba, ukuta mmoja na karakana ya mumewe. Walipigiana kelele kupitia ukuta huo. Yeye alimwibia gundi, Fundi akafutia mikono kwenye michoro aliyodhani imetupwa. Kila kitabu, kabla hakijaonwa na mtu mwingine, kilipelekwa kwa Fundi. Kama Fundi angeweza kusema mtu huyu kwenye picha anajisikiaje, ukurasa umepita, na kama angetoa macho tu, Madoa aliurudia. Fundi alilalamika kwamba yeye na rangi wapi na wapi. Madoa alimjibu kwamba ndiyo sababu anamtaka yeye, kwa kuwa rangi haiwezi kumdanganya.

Hatutaki kumfanya malaika. Hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Akishika brashi, sufuria jikoni ilikuwa juu yako wewe unayenusa. Mlango wa mbele aliupaka rangi upya kila mambo yalipombadilikia moyoni, na msoma mita wa maji aliwahi kuipita nyumba mara mbili akitafuta mlango wa zambarau aliouona mwezi uliopita. Watoto wake wakitoka shule walijua hali ya mama kabla hawajabisha hodi. Alikuwa pia na roho ngumu akiamua jambo, na mdogo wake anayesoma hapa amebeba mapipa ya wino ambayo hakuyaomba.

Mwezi Novemba 2022 moyo ulianza kumsumbua. Daktari alimwambia apumzike, na yeye akapumzika kwa kuhamishia makopo ya rangi kitandani. Mashuka mnaweza kuyafikiria wenyewe. Januari mwaka huu alianza kitabu chake cha mwisho, Kiti Hiki cha Nani? Ni kiti kilekile kwenye kila ukurasa. Bibi amekalia, rangi inabadilika. Paka amelala, inabadilika. Watoto wawili wanagombea, inabadilika tena. Ukurasa wa mwisho kiti kiko kitupu, na hakina rangi yoyote.

Ukurasa huo alimpa mumewe, na makopo yote ya rangi yamepangwa mstari, hakuna hata moja lenye alama.

"Malizia wewe," alimwambia. "Kiti ni kazi yako."

Fundi alikataa. Alisema atamalizia mwenyewe akipona. Madoa akasema huu si ukurasa wa mtu aliyepona. Wakanuniana, na watu hawa walikuwa wamegombana kila siku kwa miaka zaidi ya arobaini bila kununiana. Fundi akauchukua ukurasa akauficha juu ya rafu, chini ya vitambaa vyake, na Madoa hakumlazimisha. Ila alimwita mdogo wake akamweleza hofu yake. Kitabu hakikuwa hofu, kitabu kingeweza kumaliziwa na yeyote. Hofu ilikuwa mtu mwenyewe. Alisema mume wake ni mtu wa kuficha, aliificha nyekundu na kijani tangu utoto, na safari hii atalificha hili nalo, atalimeza, na litamkaba. Akamwomba mdogo wake asimwachie alimeze.

Aliaga dunia asubuhi ya Jumapili, tarehe 16 Juni 2024, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na mmoja, kwenye kiti alichotengenezewa na mumewe karibu na dirisha. Fundi alikuwa amekaa naye. Madoa alimtazama miguuni, akamwambia soksi zake leo hazifanani. Fundi akainama, akavuta suruali, akazikagua. Zilikuwa zinafanana. Alikuwa anamtania. Akacheka, akafumba macho apumzike, na hakuyafumbua tena.

Tangu hapo Fundi hakulia. Alizunguka kwenye viti vyote vilivyoazimwa kwa ajili ya wageni akikaza misumari. Majirani wakasema mzee amejikaza, ni imara. Shemeji yake, ambaye ndiye huyu anayewasomea, hakudanganyika. Juzi Alhamisi alimfuata akamwambia Bi Mitambo anasubiri, na kwamba dada alitaka ukurasa ule uwe mwisho wa programu hii. Fundi akasema uchapwe hivyohivyo, mtupu, akarudi kwenye misumari yake. Shemeji alimpa maneno makali ambayo hayafai kusomwa mbele ya watu, na Fundi akatia pamba masikioni.

Jana asubuhi shemeji alikwenda karakana kuuchukua ukurasa kama ulivyo. Akamkuta Fundi ameutandaza mezani. Makopo ya rangi yote yalikuwa hapo, yamefungwa, hakuna lililoguswa. Mkononi Fundi alikuwa na vile vipande viwili vya kiti cha meneja, vya zamani zile, na alikuwa akipitisha kidole gumba pembeni. Mkato mmoja. Mikato miwili. Bila kumtazama shemeji yake akasema rangi za kwenye makopo hazijui, ila vitambaa anavijua. Akapima, akakata, akapaka gundi, akaubandikia mchoro kama anavyobandika kiti cha kweli, akibana pembe kwa ukucha.

Alipomaliza akauliza, "Nyekundu iko chini?"

"Iko chini, shemeji."

"Na kijani mgongoni?"

"Mgongoni."

"Basi ndicho hicho alichokicheka."

Akacheka kidogo, puani. Kicheko kikamponyoka katikati, akaegemea meza, akalia kwa sauti, mtu mzima, mpaka majirani wakaja mlangoni. Shemeji yake aliwarudisha. Alimvutia kiti, akakaa chini mbele yake, akamuuliza anajisikiaje, kisha akafunga mdomo akasubiri kama alivyofundishwa. Fundi alijibu, na alichukua muda mrefu kujibu. Aliyoyasema ni ya kwake. Kabla ya adhuhuri ukurasa ulikuwa kwa Bi Mitambo, ambaye aliyatazama mabamba yake mara nyingi kuliko mashine ilivyotaka, na safari hii kila rangi imekaa mahali pake.

Marehemu ameacha mume, binti mkubwa ambaye ni mkunga, mwana ambaye ni fundi umeme na ambaye, tunamshukuru Mungu, macho ameyarithi kwa mama, binti mdogo ambaye ni mwalimu wa chekechea, wajukuu wanne, wadogo zake watatu, na Bi Mitambo, ambaye hatujui tumweke fungu gani ila ni wa nyumbani. Ameacha pia watoto wengi, wengine sasa wana mvi, waliowahi kuulizwa swali moja na kusubiriwa jibu.

Sasa fungueni ukurasa wa mwisho. Kitazameni kiti. Aliyeona kinachekesha acheke, kwa kuwa kilitengenezwa kuchekwa. Na mtakapopita kumpa Fundi mkono, msimwambie ajikaze. Muulizeni anajisikiaje, halafu subirini.

Apumzike kwa amani dada yetu Madoa, wala asiwe na wasiwasi. Soksi za mumewe tumezikagua asubuhi hii, zinafanana.